Nani amefungua dirisha? Barua za wanaosoma Kirusi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Iringa, nasoma uhandisi Voronezh. Mwaka jana nilikuwa podfak, yaani kitivo cha maandalizi, nikafaulu TRKI-1, ule mtihani wa Kirusi kwa wageni, na kuingia mwaka wa kwanza. Nilidhani kazi ya lugha imekwisha. Sasa kila insha ninayoandika inarudi na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: vid, vid, vid. Najua vid ni ile tofauti ya vitenzi vya tendo lililokamilika na lisilokamilika. Kitabu changu kinaieleza kwa Kiingereza na nimekisoma mara tatu. Vitenzi vya kwenda navyo vimenishinda kabisa. Nirudie kukariri orodha tangu mwanzo, au mimi sina kichwa cha lugha?
Mwenye wino mwekundu, Voronezh

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kichwa unacho. TRKI-1 haipiti mtu aliyebahatisha. Kiwango kile kinadai uwe umebeba maneno yapatayo 2300, na wewe umeyabeba. Orodha usirudie. Ugonjwa wako naujua kwa sababu niliuugua mimi, tena katika mji huohuo. Nilikaa podfak Voronezh mwaka 1985 hadi 1986, kisha miaka mitano Leningrad, nikaondoka Juni 1991, miezi michache kabla mji haujarudishiwa jina la Sankt-Peterburg.

Nikueleze siku niliyougundua. Ilikuwa mtihani wa kemia, wa mdomo kama mitihani mingi ya kule. Unaingia, unachukua karatasi ya maswali mezani, wanaiita bilet, unakaa kujiandaa, unaitwa kujibu. Nilijibu vizuri. Mwalimu akaniandikia 4 katika zachyotka, kile kitabu cha alama, na 4 kati ya 5 ni “nzuri”. Nikarudi bweni nimejaa furaha. Mlangoni alikuwapo mama mtu mzima mlinzi wa bweni, ambaye sote tulimwita tyotya, yaani shangazi. Akaniuliza vipi. Nikamwambia kwa sauti kubwa: “Ya sdavala khimiyu!”

Tyotya akashusha pumzi. Akanishika bega, akasema “nichego, nichego,” si kitu, si kitu, akaniingiza kwenye kijumba chake na kunimiminia chai na jemu ya matunda aliyoyachuma mwenyewe kwenye dacha yake, kile kijumba cha shamba. Mimi nakunywa, najiuliza huruma hii ya nini. Mpaka nilipomwonyesha zachyotka ndipo akapiga kelele: “Tak ty zhe sdala!” Kumbe umefaulu!

Sdavala, sdala. Nilichomwambia ni kwamba nilifanya mtihani wa kemia. Nilikaa, nikajibu, basi. Matokeo sikuyataja, na kwa Mrusi mtu aliyefanya mtihani asiyataje matokeo ni mtu aliyeanguka. Nilipaswa kusema “ya sdala”, wewe kijana utasema “ya sdal”: nimefaulu.

Usiku ule nililala nikifikiri kwa nini nimekosea kitu rahisi hivyo. Jibu ni kwamba nilikuwa napitia Kiingereza. Vitabu vyetu vilieleza kwa Kiingereza, daftari langu lilikuwa na Kirusi kushoto na Kiingereza kulia, na kila sentensi niliitafsiri mara mbili kabla haijatoka kinywani. Kiingereza kilikuwa daraja refu linalozunguka mto, wakati nyumbani kwangu Tanga palikuwa na kivuko cha moja kwa moja. Ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii yote: vid unayo tayari, ndani ya Kiswahili chako. Umeinyonya kwa mama yako.

Chukua dirisha. Ni baridi, unaingia chumbani, unasikia ubaridi. Ukikuta dirisha liko wazi utauliza: nani AMEfungua dirisha? Ukikuta limefungwa lakini chumba kimepoa, utauliza: nani ALIfungua dirisha? Hakuna aliyekufundisha tofauti hiyo shuleni. Ya kwanza, tendo limeacha alama na alama bado ipo. Ya pili, tendo lilitokea, alama imefutika. Kwa Kirusi, ya kwanza ni “Kto otkryl okno?” na ya pili ni “Kto otkryval okno?” Ndiyo hiyo vid. Mwalimu wako akikuandikia neno lile kwa wino mwekundu, anakuuliza: dirisha liko wazi au limefungwa?

Sasa tazama -ka-. Mwambie bibi yako Iringa akusimulie kisa: “akaamka, akavaa, akanywa chai, akatoka.” Kila -ka- inafunga mlango wa tendo moja na kufungua wa linalofuata. Kirusi hufanya hivyohivyo kwa vitenzi vilivyokamilika: “vstal, odelsya, vypil chayu i vyshel.” Geuza vyote viwe visivyokamilika, “vstaval, odevalsya, pil chay i vykhodil,” na msikilizaji ataelewa kwamba huyo mtu ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku. Kiswahili kingesema alikuwa akiamka, akivaa, akinywa chai. -Ka- na -ki-, herufi moja tu imebadilika, na maana imegeuka mzima mzima. Mtu anayemiliki -ka- na -ki- hana sababu ya kuogopa vitenzi vya Kirusi.

Nenda mbele zaidi. Unamkataza mtu kufunga mlango: “Ne zakryvay dver,” usifunge mlango, kitenzi kisichokamilika. Lakini mtoto akikimbia kwenye barafu unamwonya: “Ne upadi!” Hapa ni kitenzi kilichokamilika, na vitabu huwa vinajaza nusu ukurasa kueleza kwa nini. Sisi tunasema “usije ukaanguka.” Ile -ka- imejitokeza tena yenyewe! Na “ne zabud” ni usije ukasahau. Nilipoliona hili nilikuwa ndani ya basi, nikacheka peke yangu, abiria wakanitazama.

Basi fanya hivi. Nunua daftari jipya. Kushoto andika jozi ya vitenzi, kulia andika sentensi mbili za Kiswahili. Usiandike neno moja moja. “Chitat – prochitat: kusoma” haikusaidii chochote. Andika: “Jana jioni nilikuwa nasoma” na “Kitabu nimekisoma, chukua.” Sentensi ziwe za maisha yako, za bweni lako, za mtu unayemfahamu. Jozi tano kwa siku zinatosha. Ukizisoma kwa sauti, soma Kiswahili kwanza, kisha Kirusi, na kitabu cha Kiingereza kikae kabatini angalau mwezi mmoja.

Sitakudanganya kwamba kivuko kinafika kila mahali. Baada ya vitenzi vya kuanza, kuendelea na kumaliza, Kirusi kinataka kisichokamilika tu: “nachal chitat”, alianza kusoma, kamwe si “nachal prochitat”. Kiswahili hapa hakikuonyi kwa sababu “kusoma” kwetu ni kumoja tu. Zipo pia jozi ambazo hazifanani hata kwa sura, kama govorit na skazat, kusema, au brat na vzyat, kuchukua. Hizo kariri, hazina njia nyingine. Si nyingi.

Vitenzi vya kwenda. Hapa kuna mambo mawili yamechanganywa na ukiyatenga yatatulia. La kwanza ni miguu au chombo. Sisi “kwenda” ni kwenda tu. Wao wana idti kwa miguu na yekhat kwa chombo, na lazima uchague. Niliwahi kumwambia mkuu wa bweni “ya idu v Tanzaniyu”, akaniangalia viatu: nilikuwa nimesema natembea kwa miguu hadi Tanzania. Lakini treni na mvua, vyote Mrusi husema vina-idti. Hata gauni likikupendeza husema “tebe idyot”, linakuendea. Haya yazoee kama methali.

La pili ni lile dirisha tena, safari hii sokoni. “Mama ameenda sokoni” hayupo, usimsubiri mlangoni: “ona poshla na rynok.” “Mama alienda sokoni” amekwisha rudi, samaki wako jikoni: “ona khodila na rynok.” Umeona?

Kisha viambishi vya mbele. Kutoka kwa shina lilelile wanapata voyti kuingia, vyyti kutoka, pereyti kuvuka, doyti kufikia, zayti kupitia kwa mtu, oboyti kuzunguka. Wanafunzi hulia hapa. Lakini wewe unatoka katika lugha inayofanya pika, pikia, pikisha, pikwa, pikika bila kutoa jasho. Sisi tunaongeza mkiani, wao wanaongeza kichwani. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye hulia kwa ajili ya mikia yetu.

Na mwaka huu utakutana na vitenzi vilivyovaa mavazi ya sifa, wanaviita prichastiye. Mimi nilifundishwa na wasemaji wa treni ya chini ya ardhi ya Leningrad: “Ostorozhno, dveri zakryvayutsya. Sleduyushchaya stantsiya…” Sleduyushchaya ni “inayofuata”. Chitayushchiy ni “anayesoma”, chitavshiy ni “aliyesoma”, prochitannaya kniga ni “kitabu kilichosomwa”. Ni o-rejeshi yetu, tena inafuata jina lake kama ngeli zetu zinavyofuata. Mhadhara wako wa fizikia umejaa haya. Ukiyasikia kwa Kiswahili hayatakupita.

Hilo la kukosa kichwa sitaki kulisikia tena. Niandikie mwezi wa tatu unieleze wino umepungua kiasi gani.

SWALI: Mwalimu, hujambo na kazi. Ninatoka Mombasa, niko mwaka wa pili Kazan. Mhadhiri wangu ni mama wa makamo, ninamheshimu sana na kila mara namwita “gospozha profesor”, yaani Bibi Profesa. Naona kila nikimwita anakunja uso kidogo. Wenzangu Warusi wanamwita majina mawili marefu ambayo wanayatamka haraka sana na mimi naona haya kumwita mtu mzima kwa jina. Nisije nikaonekana sina adabu.
Binti wa Mombasa

JIBU: Mwanangu, adabu unayo, ila umeivika nguo isiyo ya kwao. “Gospozha” chuoni ni kama umemsimamisha mama huyo kwenye mkutano wa mabalozi. Hayo majina mawili marefu ndiyo shikamoo yao.

La kwanza ni jina lake, la pili ni otchestvo, jina linalotokana na baba. Baba akiitwa Nikolay, mwana wa kiume ni Nikolayevich, wa kike Nikolayevna. Wewe wa Mombasa kitu hiki unakijua toka zamani: Salim bin Ali, Fatma binti Ali. Wao bin na binti wameviunganisha na jina lenyewe, basi. Kumwita mkubwa wako kwa jina na otchestvo ni kumwita pamoja na baba yake. Kumwita jina tupu ni utovu wa adabu, hapo haya yako ni sahihi. Kumwita jina na baba ni heshima kamili, na huhitaji cheo chochote juu yake.

Muulize mwenzako majina ya mhadhiri yameandikwaje, uyaandike, uyatamke nyumbani mara ishirini. Yale unayosikia darasani yamemezwa katikati: Aleksandr Aleksandrovich kinywani mwa watu huwa “San Sanych”, na usipojua utadhani ni mtu mwingine. Wewe mgeni tamka yote, taratibu. Hawatakasirika. Mimi nilipomwita mwalimu wangu wa fonetiki hivyo kwa mara ya kwanza, bila kumeza hata silabi moja, aliacha alichokuwa akiandika ubaoni akageuka.

Pamoja na jina hilo, tumia “vy”, ile “wewe” ya heshima, na salamu “zdravstvuyte”. Neno hilo la pili kwa asili ni kumwamuru mtu awe na afya, na sisi tunaosalimiana kwa kuulizana habari ya afya tunalielewa. Salamu “privet” na “ty”, ile “wewe” ya kawaida, ni za marafiki. Kutoka vy kwenda ty hupangwa na mkubwa. Yeye ndiye atakayesema “davayte na ty”, wewe usianze.

Akikualika nyumbani kwake, nawe nakuombea akualike, peleka maua kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili: matatu, matano, saba. Maua mawili, manne, sita ni ya msibani. Usimpe mkono wala maua kizingitini. Ama uingie, ama atoke. Viatu utavua mlangoni kama nyumbani kwenu Mombasa na utapewa tapochki, ndara za ndani. Atakwambia “prokhodite, razdevaytes, sadites.” Usishtuke na hilo la katikati, ambalo kwa kamusi ni “vua nguo”. Anamaanisha koti. Na ukimsoma kijana wa Iringa hapo juu utatambua kwamba vitenzi vyote vitatu si vya tendo lililokamilika. Mwenyeji anapokaribisha hutumia hivyo, kwa sababu hakuagizi umalize jambo, anakufungulia njia. “Syadte!” ni askari anayekuambia kaa chini. “Sadites” ni karibu kiti.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mitihani ya Januari haiko mbali. Wenzako watakuambia “ni pukha ni pera”, bila manyoya wala unyoya, dua ya kinyume iliyotoka kwa wawindaji, na jibu linalotarajiwa ni “k chyortu”, nenda kwa shetani. Mimi nililelewa Tanga. Kumwambia mwenzangu hivyo hakukunitoka kinywani. Nilinyamaza, nao wakaona nimejitia nuksi. Mwaka wa pili nikaanza kujibu “spasibo” kwa tabasamu na kuwaeleza kwamba kwetu jina hilo halitajwi ovyo, na walinielewa mara moja. Kuishi na watu si lazima useme kila wanachosema. Waeleze tu, wasibaki wakikisia.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma udaktari Tver. Mwalimu wa Kirusi anatulazimisha kukariri mashairi ya Pushkin. Nina anatomia, nina biolojia, silali. Shairi litamsaidia nini mgonjwa?
Daktari mtarajiwa

JIBU: Marahaba. Litamsaidia akuelewe unaposema.

Kiswahili kina mkazo usiohama: silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kinywa chako kimeumbwa hivyo na kitapeleka mkazo hapo hata kwa Kirusi. Nenda dukani useme unalipa, “ya plachú”, mkazo mwisho. Ukisema kama Mswahili itatoka “ya pláchu”, na umemwambia mwenye duka kwamba unalia. Mkazo wa Kirusi unahama neno kwa neno, tena ukihama unabadili hata irabu: moloko huandikwa kwa o tatu lakini husikika “malakó”. Kanuni moja ya kukuambia mkazo uko wapi haipo. Kwa hiyo lazima masikio yazoee, na hakuna kinachozoeza masikio kama shairi, kwa sababu shairi likisomwa na mkazo mbaya linachechemea na utalisikia mwenyewe.

Wewe umesoma mashairi ya Kiswahili, unajua mizani: nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Sisi tunahesabu silabi. Pushkin anahesabu mapigo. Mstari wake alioupenda zaidi una mapigo manne, silabi nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito. Piga meza kwa kidole unaposoma. Pale kidole kinapogoma, mkazo umekosea.

Kisha huyo mtu si mgeni kwako kama unavyodhani. Alizaliwa Moscow mwaka 1799, akafa Sankt-Peterburg mwaka 1837 kwa jeraha la risasi la pigano la watu wawili, akiwa na miaka 37. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alizaliwa Afrika, akachukuliwa mtoto hadi Istanbul na kutoka huko akafikishwa kwa Tsar Petro Mkuu, akasomeshwa, akawa mhandisi wa kijeshi mwenye cheo cha jenerali. Baba yake wa kumzaa alibaki Afrika, lakini Warusi wanahitaji otchestvo. Tsar ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo, basi akaitwa Abram Petrovich, bin Petro. Pushkin aliona fahari juu ya babu huyo na aliandika habari zake. Nilisimuliwa hayo na mwalimu wangu baridi ikiwa imeganda vioo vya darasa, nikiwa Mwafrika peke yangu pale, na kuanzia siku hiyo sikuhitaji kulazimishwa.

Chukua beti mbili tu kwa wiki. Weka alama ya mkazo kwa penseli juu ya kila neno, mpe Mrusi mmoja wa bwenini akusahihishie, kisha uzikariri ukiwa njiani kwenda chuoni. Njia ya kutembea kwa miguu, kumbuka, ni idti.